Kimo cha Uamuzi: Usalama, Vifaa na Ukufunzi katika Kuruka kwa Parachuti

Mtu anayeruka kutoka kwenye ndege iliyo mita 4,000 juu ya ardhi, akalala kifudifudi hewani huku ametandaza mikono na miguu, huongeza mwendo kwa zaidi kidogo ya sekunde kumi mpaka kufikia takriban kilomita 200 kwa saa, na kuanzia hapo mwendo hauongezeki tena kwa sababu ukinzani wa hewa unaomkabili huwa umelingana na uzito wake. Kipindi hicho, ambacho huitwa mwanguko huru, huchukua karibu dakika moja, na ndani yake mrukaji hupoteza mita 55 hivi za kimo kwa kila sekunde inayopita. Hesabu hiyo ndogo ndiyo chimbuko la karibu kila sheria ya mchezo huu, kwa kuwa anayesitasita kwa sekunde tano huwa amekwisha kutumia mita 275, nazo hazirudishwi. Ndiyo maana kanuni za kuruka kwa parachuti, zikichunguzwa kwa makini, hazishughuliki sana na ujasiri wa mrukaji. Zinashughulika na kumwekea, angali ardhini, kimo ambacho akikifikia hana tena ruhusa ya kuendelea kufikiri.

Katika Afrika Mashariki wananchi wengi huufahamu mruko wa parachuti kwa upande wa majeshi, kupitia askari wa Kikosi cha 20 cha Parachuti cha Jeshi la Kenya na makomando wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wanaoonekana wakitua viwanjani katika sherehe za kitaifa. Upande wa pili ni wa utalii, na mfano wake unaojulikana zaidi upo Diani, kusini mwa Mombasa, ambako kituo cha Skydive Diani, kilichoasisiwa na Gary Lincoln-Hope, hurusha wageni juu ya ufuo wa Bahari ya Hindi. Lipo pia tawi la tatu ambalo mara nyingi huchanganywa na haya mawili, nalo ni la kuruka kutoka kwenye majabali, minara na madaraja, kama alivyofanya Mrusi Valery Rozov mwaka 2015 alipojitupa kutoka Mlima Kilimanjaro akiwa amevaa vazi lenye mabawa ya kitambaa. Tawi hilo lina hatari za namna nyingine kabisa, kwa kuwa anayeruka jabali hana kimo cha kutosha cha kurekebisha kosa, na kwa kawaida hubeba parachuti moja tu. Rozov mwenyewe alifariki mwaka 2017 katika mruko wa aina hiyo huko Nepal. Makala haya yanahusu mruko wa ndege, wenye parachuti mbili, leseni na wakaguzi.

Tofauti kati ya askari na mwanamichezo nayo inastahili kuelezwa mapema. Katika mruko wa kawaida wa kivita, askari hutoka ndegeni akiwa chini sana, pengine mita 300 au pungufu, na parachuti yake ya duara huvutwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, hivyo hana mwanguko huru wala uwezo mkubwa wa kuchagua mahali pa kutua. Mwanamichezo hutumia parachuti ya mstatili yenye vyumba vingi vilivyo wazi upande wa mbele, ambavyo hewa huingia na kuvijaza mpaka kitambaa kikawa bawa halisi linaloweza kwenda mbele, kugeuzwa na kupunguzwa mwendo. Bawa hilo, lililobuniwa na Domina Jalbert nchini Marekani katika miaka ya 1960, lilimpa mrukaji uhuru wa kutua kwa miguu taratibu mahali anapopataka. Uhuru huo ulikuja na madhara yake, kama itakavyoonekana mbele.

Vifaa vya mrukaji hubebwa katika mkoba mmoja wa mgongoni uliounganishwa na mikanda ya kifua na mapaja. Ndani ya mkoba huo mna parachuti mbili, kuu na ya akiba, kila moja katika chumba chake, na mpangilio huo wa mbili ndio nguzo ya kwanza ya usalama. Parachuti kuu hufunguliwa kwa kurusha hewani kiparachuti kidogo ambacho hukamatwa na upepo, kikavuta pini inayofunga mkoba na kuitoa parachuti yenyewe. Ikishindikana, ama kwa sababu haikutoka kabisa, ama imetoka ikiwa imejisokota kiasi cha kutoongozeka, mrukaji hana haja ya kujua chanzo cha hitilafu wala hana muda wa kukitafuta. Anatakiwa kuvuta kishikio cha kulia, ambacho kwa kawaida ni chekundu, ili kuiachia parachuti mbovu iende zake, kisha mara moja avute kishikio cha kushoto ili kufungua ile ya akiba. Kuvuta kwa mpangilio huo ni muhimu, kwani parachuti ya akiba ikifunguliwa wakati ile mbovu bado inapepea juu ya kichwa, mbili hizo zinaweza kusukana.

Kuiachia parachuti kwa mkono mmoja, huku uzito wote wa mwili ukining'inia juu yake, lilikuwa jambo gumu mpaka katika miaka ya 1970, wakati Bill Booth wa Marekani alipobuni mfumo wa pete tatu zinazopitishwa moja ndani ya nyingine. Kila pete hupunguza sehemu kubwa ya nguvu inayopita, hata uzi mwembamba unaoishikilia pete ya mwisho ukawa unabeba mzigo mdogo tu ambao vidole vinaweza kuufungua. Uliongezwa pia ukanda unaoziunganisha parachuti zote mbili, ili ile kuu inapoachiwa ivute yenyewe pini ya akiba hata kama mrukaji amesahau kishikio cha pili. Kisha kikaja kifaa ambacho pengine ndicho kimeokoa watu wengi kuliko vingine vyote, nacho ni kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachopima kanieneo ya hewa na kujua kwa hesabu mrukaji yuko juu kiasi gani na anakwenda kwa kasi gani. Cypres, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuingia sokoni mwaka 1991, kikiona kwamba mrukaji mzoefu amefika takriban mita 225 kutoka ardhini akiwa bado na kasi inayozidi kilomita 126 kwa saa, hukata kitanzi kinachofunga mkoba wa akiba, na parachuti hiyo hufunguka bila kuguswa na mtu. Kifaa cha mruko wa watu wawili, yaani mkufunzi na mgeni aliyefungwa kifuani mwake, hufanya kazi juu zaidi, karibu mita 580, kwa sababu parachuti yao ni kubwa na mzigo ni mzito.

Msomaji atambue jinsi mita 225 zilivyo chache: kwa kasi ya mwanguko huru ni sekunde nne tu. Kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyezimia, aliyegongwa kichwa na mwenzake au aliyepotelewa na hesabu ya kimo, na mkufunzi yeyote mwenye heshima na kazi yake humwambia mwanafunzi asikitegemee kama mpango. Hapa ndipo vile vimo vya uamuzi vinapoingia. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambacho kanuni zake hufuatwa au kuigwa katika vituo vingi duniani, kinamtaka mwanafunzi na mwenye leseni ya kwanza awe ameanza kufungua parachuti kabla ya kushuka chini ya futi 3,000, yaani mita 915 hivi, na kinapendekeza kwamba ikiwa parachuti hiyo ina hitilafu, uamuzi wa kuiachia uwe umefanywa kabla ya futi 2,500, sawa na mita 760. Mkufunzi anayemrusha mgeni kifuani mwake hutakiwa kufungua mapema zaidi, kwenye futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Altimita, saa ya kimo inayovaliwa mkononi, hurekebishwa isome sifuri kabla ya kupanda, na mwanafunzi hufundishwa kuitazama mara kwa mara, kwani akili ya binadamu, ikishikwa na mshangao wa kuanguka, haina kipimo cha kuaminika cha muda.

Parachuti kuu inaweza kukunjwa na mrukaji mwenyewe baada ya kila mruko, lakini ile ya akiba ni mali ya fundi. Kwa sheria ya Marekani fundi huyo ni mtu mwenye cheti cha serikali, aliyefikisha angalau umri wa miaka 18, aliyekunja chini ya usimamizi parachuti zisizopungua 20 za aina anayoiombea cheti, na aliyefaulu mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo. Akiisha kuifunga hupitisha uzi mwekundu kwenye pini, huubana kwa kipande cha risasi kilichogongwa alama yake binafsi, kisha huandika tarehe na namba ya cheti chake kwenye kadi inayokaa ndani ya mkoba. Kuanzia siku hiyo muda wa siku 180 huanza kuhesabiwa, na ukiisha, parachuti hiyo haitumiki mpaka ifunguliwe, ianikwe, ikaguliwe na kukunjwa upya, hata kama haikuwahi kutoka mkobani. Wageni wengi hulipia picha za video na hawaulizi kadi hiyo, ilhali ndiyo hati pekee inayoweza kuwaambia kitu cha maana kuhusu kituo walichokiendea.

Kazi ya fundi ni kazi ya cherehani kwa sehemu kubwa. Nailoni hudhoofishwa na jua, mchanga hukwaruza nyuzi zake, na chumvi ya bahari ikikauka ndani ya kitambaa huacha chembe ngumu zinazokata kila kinapokunjwa. Kamba za parachuti nazo, zinapochuliwa na joto la msuguano kwa miruko mamia kadhaa, nyingine hufupika kuliko wenzake, na bawa lililokuwa likienda wima huanza kuvutia upande. Kituo kilicho ufukoni kama Diani kinapambana na chumvi, na kama kingekuwapo kituo bara, katika nyanda kavu za Shinyanga nchini Tanzania, kingepambana na vumbi jembamba ambalo huingia katika pini, pete na vifungo vyote.

Maendeleo hayo ya vifaa yameonekana katika takwimu. Katika miaka ya 1970 Marekani ilikuwa ikipoteza kwa wastani watu zaidi ya 40 kila mwaka katika mchezo huu. Mwaka 2023 vifo vilivyoandikwa na USPA vilikuwa 10, katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65. Lakini jambo la kuzingatia zaidi kuliko idadi yenyewe ni namna watu hao wanavyokufa siku hizi, kwani sehemu kubwa ya ajali mbaya hutokea parachuti ikiwa imefunguka salama salimini juu ya kichwa cha mrukaji. Bawa dogo lililobebeshwa uzito mkubwa huenda kwa kasi, na likigeuzwa kwa nguvu karibu na ardhi hupiga mbizi kabla ya kurudi katika mkao wake. Anayegeuka hivyo akiwa mita 30 kutoka chini, pengine kwa kukwepa mti alioutambua dakika ya mwisho, hugonga ardhi kabla bawa halijanyooka. Uhuru alioutoa Jalbert, kwa maneno mengine, umehamisha hatari kutoka kwenye kitambaa ikaenda kwenye uamuzi wa mtu. Kwa sababu hiyo wanafunzi hupewa mabawa makubwa yasiyo na haraka, hufundishwa kuingia uwanjani kwa njia ileile inayofuatwa na ndege, kwanza kwa kwenda na upepo, kisha kuukata, mwisho kuukabili, na hukatazwa kuruka upepo wa ardhini unapozidi kilomita 22 hivi kwa saa.

Upande wa sheria za nchi, msingi wake ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ambao kiambatisho chake cha pili kinakataza mtu kushuka kwa parachuti, isipokuwa kwa dharura, bila kufuata masharti yaliyowekwa na mamlaka ya nchi husika. Nchini Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA, na nchini Kenya ni KCAA. Maana yake katika maisha ya kila siku ni kwamba kuruka kwa parachuti si suala la mwenye ndege na mteja wake pekee. Marubani wengine hutangaziwa mahali, siku, saa na kimo cha shughuli hiyo, mwongoza ndege hupewa taarifa kabla ya mlango kufunguliwa, na miruko haifanywi kupitia mawingu, kwa kuwa mrukaji aliye ndani ya wingu haoni ndege inayokuja wala rubani haoni mtu anayeshuka.

Ili masharti haya yaeleweke vizuri, inafaa yajaribiwe juu ya mahali halisi, na Kolandoto, kata iliyo kaskazini mwa mji wa Shinyanga kando ya barabara kuu ya Mwanza, inatoa jaribio zuri kuliko ufuo wowote. Mtazamaji wa haraka angesema kwamba hapana mahali bora kuliko hapo: ardhi ni tambarare, miti ni ya kuhesabika, mashamba ya pamba na mpunga yamelala wazi baada ya mavuno, na uwanja wa ndege wa Ibadakuli hauko mbali. Ardhi yenyewe, hata hivyo, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo moja hubadilisha hesabu karibu zote.

Kwanza ni pumzi. Kanuni za USPA zinataka hewa ya oksijeni itumike ndege inapozidi futi 15,000, takriban mita 4,570, na kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa bahari. Diani, ambako ardhi na bahari ni kitu kimoja, ndege inaweza kupanda mita 4,000 na kubaki chini ya mpaka huo kwa nafasi ya kutosha. Juu ya Shinyanga, mita 4,000 kutoka ardhini ni zaidi ya mita 5,100 kutoka baharini, hivyo ama mitungi ya oksijeni ipakiwe, ama mruko upunguzwe mpaka mita 3,400 hivi na mwanguko huru ufupike. Mtu aliyepungukiwa na oksijeni haoni kwamba amepungukiwa; hujiona mchangamfu na mwenye akili kuliko kawaida, na hilo ndilo linaloifanya hali hiyo kuwa ya hatari kwa rubani na mkufunzi.

Pili ni wepesi wa hewa. Saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa ya Shinyanga huwa nyepesi kana kwamba uwanja ungekuwa karibu mita 2,000 juu ya bahari, na matokeo yake bawa lilelile lenye mzigo uleule hutua kwa kasi iliyozidi ile ya pwani kwa asilimia kadhaa, huku ndege nayo ikihitaji urefu zaidi wa njia ili kupaa. Mwanafunzi aliyezoea Diani na kuruka Ibadakuli kwa mazoea yaleyale angeiona ardhi inamjia haraka kuliko alivyotarajia. Tatu ni vile vimbunga vidogo vya vumbi vinavyozunguka mashambani wakati wa kiangazi, ambavyo kwa mkulima ni kero ya macho tu, lakini bawa la kitambaa lisilo na chuma wala ubao, likiingia humo mita 20 kutoka chini, linaweza kukunjamana na kumwachia mrukaji aanguke. Dawa yake ni kuruka alfajiri na kuacha kabla jua halijawa kali. Na nne, jambo ambalo pengine lingetosha peke yake kumhamisha mtu akatafute uwanja mwingine, ni kwamba Ibadakuli ndipo kilipo kituo kikubwa cha kupoza umeme, ambako laini za msongo mkubwa kutoka Iringa, Dodoma na Singida hukutana na zile ziendazo Mwanza na migodini. Nyaya za namna hiyo hazionekani vizuri kutoka juu. Kinachoonekana ni nguzo, na ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kuchukulia kwamba kati ya nguzo mbili kuna waya hata wasipouona.

Suala la hospitali nalo huulizwa kabla ya ndege ya kwanza kupaa, kwani majeraha ya kutua vibaya huwa ni ya vifundo vya miguu, nyonga na uti wa mgongo. Hapa Kolandoto ina nafasi nzuri, kwa kuwa hospitali ya kanisa ipo hapohapo, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mwawaza, na majeruhi mahututi anaweza kupelekwa Bugando, Mwanza, kwa barabara ya lami.

Mtu wa ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga hana haja ya kufundishwa wazo la msingi la mambo haya yote. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, anayeshushwa kwa kamba ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, la makumi ya mita anajua kwamba uhai wake umo mikononi mwa aliyeikagua kamba, aliyepiga matimba na anayesimama juu akishika mtambo, na anajua pia kwamba siku zinazoua ni zile ambazo kila mmoja alidhani mwenzake amekagua. Tofauti ni kwamba katika parachuti ukaguzi huo umepewa majina, nafasi na idadi: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege na kabla ya mlango kufunguliwa, kila mara pini, vishikio, mikanda na altimita vikiguswa na mtu mwingine asiyekuwa mwenye navyo.

Ndege husahaulika katika mazungumzo ya aina hii, ingawa ndiyo iliyosababisha baadhi ya misiba mikubwa zaidi. Tarehe 22 Aprili 1992, huko Perris, California, ndege aina ya Twin Otter iliyokuwa imejaa warukaji ilianguka mara tu baada ya kupaa kwa sababu mafuta yake yalikuwa na maji, na watu 16 walifariki, wengi wao wakiwa na parachuti nzima migongoni. Baada ya hapo uvaaji wa mikanda ya kuketi katika ndege za warukaji, uliokuwa ukichukuliwa kama mzaha, ulianza kusimamiwa kwa ukali. Katika Cessna Caravan, ndege inayofahamika sana katika viwanja vidogo vya Tanzania, kuna tahadhari nyingine: warukaji wakisongamana mlangoni kwa pamoja, uzito hurudi nyuma na pua ya ndege ikainuka mpaka bawa likapoteza mbebo, na kwa hiyo rubani hupanga ni wangapi wanaruhusiwa kusimama kwa wakati mmoja.

Njia ya kufikia ukufunzi ni ndefu, na ni vema ielezwe bila kupambwa. Mwanafunzi huanza ama kwa mruko wa wawili, ama kwa mfumo ulioanzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo tangu mruko wa kwanza huvaa parachuti yake mwenyewe na kuanguka akiwa ameshikwa na wakufunzi wawili, mmoja kila upande. Leseni ya kwanza ya USPA, inayoitwa A, huhitaji miruko 25. B huhitaji 50, C 200, na D, iliyo ya juu kabisa, 500. Mwenye miruko 100 anaweza kuomba cheti cha ukocha na kuanza kuwasaidia wanaoanza. Anayetaka kumrusha mgeni kifuani mwake lazima awe na leseni D, miruko isiyopungua 500, miaka mitatu katika mchezo, cheti cha afya cha daktari wa anga, na mafunzo ya kiwanda kilichotengeneza vifaa atakavyovitumia, kwa kuwa cheti cha vifaa vya kiwanda kimoja hakimruhusu kutumia vya kingine.

Sababu ya ukali huo inaeleweka mtu akitazama mruko wenyewe. Mkufunzi na mgeni wakiunganishwa huwa na uzito wa watu wawili juu ya eneo linalozidi kidogo lile la mtu mmoja, na kama wangeachwa waanguke hivyo wangepita kilomita 270 kwa saa, mwendo ambao ungerarua kitambaa kinapofunguka. Kwa hiyo mara baada ya kutoka ndegeni mkufunzi hutoa kiparachuti cha breki kinachoburutwa nyuma yao na kuwarudisha kwenye mwendo wa mtu mmoja, naye huwa na sekunde chache za kukitoa akiwa tayari amekaa sawasawa hewani. Mgeni, kwa upande wake, anaweza kumshika mikono, kupiga mateke, kuzimia au kunyoosha miguu vibaya wakati wa kutua. Mkufunzi wa mruko wa wawili ana kazi ya kurusha watu wawili huku mmoja wao akiwa hajui lolote, na ameilipia fedha hali hiyo.

Kutokana na hilo, sehemu kubwa ya ujuzi wake hufanyika ardhini, na sehemu ngumu zaidi ya hiyo ni kukataa. Humkataa mgeni aliyezidi uzito unaoruhusiwa na mkoba, aliyekunywa pombe, mwenye bega linalotoka mahali pake, mjamzito, au, hasa katika vituo vya pwani, aliyezamia baharini siku hiyohiyo, kwani gesi ya nitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake huweza kufanya mapovu akipanda angani kabla ya kupita saa 12 hadi 18. Hukataa pia kuruka karibu na maji mengi bila maboya. Fomu ambayo mgeni huitia saini, ya kukubali hatari na kuahidi kutodai, haimwondolei mkufunzi wajibu huo, na kituo kinachoitaja fomu hiyo kama ngao yake ya kwanza kinastahili kutiliwa shaka.

Kijana wa Kolandoto au Geita anayeitamani kazi hii asitarajie kuianzia angani. Wengi wanaoingia bila mtaji huanza kwa kukunja parachuti kuu, wakilipwa kwa kila moja, na katika miezi ya wageni wengi mkunjaji hodari hupata riziki nzuri huku akijifunza vifaa kwa mikono yake. Wengine husomea ufundi, na fundi mwenye cheti hutafutwa popote palipo na mchezo huu. Gharama za miruko ya mwanzo ndizo kizuizi kikubwa, kwa kuwa kila mruko hulipiwa mafuta ya ndege, na hakuna njia ya mkato ya kufikisha miruko 500. Ajira yenyewe huenda na misimu: mkufunzi hulipwa kwa mruko na si kwa mwezi, mvua na upepo humnyima kipato, na wengi huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine, wakiwa Diani katika miezi ya watalii na pengine Ghuba katika majira ya baridi ya huko, ambako Skydive Dubai imekuwa mwajiri mkubwa wa wakufunzi kutoka nchi nyingi tangu ilipofunguliwa mwaka 2010.

Uhamaji huo hausababishwi na fedha pekee. Kwa kanuni za USPA, mkufunzi wa mruko wa wawili asiyeruka na mtu kwa siku 90 hawezi kupokea mgeni mpaka afanye kwanza mruko wa kujirudishia uzoefu akiwa na mrukaji mwenye ujuzi, na anayekaa muda mrefu zaidi hulazimika kusimamiwa na mkaguzi. Mahali penye wageni wachache, hata pawe na anga safi kiasi gani, cheti huisha nguvu kikiwa kabatini, na mkufunzi aliyekipata kwa miaka hulazimika kukifuata kule ndege zinakopaa kila asubuhi.